Samsoni hakujua



Katika Waamuzi 16 tunasoma jinsi Samsoni alivyonyolewa akiwa usingizini. Wafilisti walipomjia, aliamka akidhani atajinasua kama siku zote. Mstari wa 20 una jambo zito kuliko kunyolewa kwenyewe: Bwana alikuwa amemwacha, naye hakujua.

Upo ugonjwa unaoweza kumfikisha mtu mwema katika hali ya kutojua namna hiyo, bila kosa lake. Ni kiharusi. Wengi tunakitambua kwa mkono uliolegea na mdomo uliopinda. Lakini kinaweza pia kuharibu sehemu ya ubongo inayompa mtu habari za mwili wake. Mwaka 1914, daktari Joseph Babinski wa Ufaransa alieleza habari za wagonjwa waliopooza upande mmoja na wasijue kwamba wamepooza. Hali hiyo aliiita anosognosia. Wagonjwa hao si waongo wala wabishi. Ubongo wao haupeleki taarifa.

Wengine, hasa waliopata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, macho yao yanaweza kuwa mazima, lakini upande wa kushoto ni kama haupo. Mtu anakula nusu ya chakula akidhani amemaliza sahani. Ananyoa ndevu shavu moja tu.

Sasa mweke mtu huyo kwenye usukani. Kwetu tunaendesha kushoto, na kandokando ya upande huo ndiko waliko watoto wa shule, waendesha baiskeli na abiria wanaongoja daladala. Naye atakuambia kwa moyo mweupe: “Mimi nimepona, nipeni funguo.”

Familia nyingi hunyamaza hapo, zikiogopa kumvunjia mzee heshima. Lakini Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba ajenge ukuta kuzunguka dari, mtu asije akaanguka, damu ikawa juu ya nyumba yake. Kuzuia funguo kwa muda ni kujenga ukuta huo. Uingereza, aliyepata kiharusi haruhusiwi kuendesha gari kwa angalau mwezi mmoja. Nanyi mpelekeni mgonjwa wenu kwa daktari, apimwe macho, mikono na umakini, kisha daktari aseme. Wakati mnangoja, msimwache akae nyumbani kama mfungwa. Mwambieni, “Baba, Jumapili hii nitakupeleka mimi kanisani.” Jirani mwenye gari naye ajitolee.

Na wewe uliye mzima? Katika Zaburi 19:12 mtunga zaburi anaomba atakaswe makosa asiyoyaona mwenyewe. Kama mkeo, mumeo au mwanao anakuambia kuna kitu kimebadilika kwako, usikasirike haraka. Huenda anaona upande ambao wewe huuoni. Samsoni usiku ule alikuwa na Delila tu, aliyekwisha kulipwa fedha. Wewe Mungu amekupa watu wanaokupenda. Wasikilize.