Ketoni za Kunywa: Zinaweza Saidia Kichwa cha Mwenye Skizofrenia ama ni Hewa Tu?

Kama uko na beshte ama ndugu mwenye skizofrenia au bipola, hii story unaijua. Dawa zimeshika, zile sauti zimetulia, lakini ukimtuma duka anasahau alitumwa nini. Mtaani wanasema ni uvivu. Si uvivu, bana. Dawa nyingi za huu ugonjwa hutuliza sauti na mawazo ya ajabu, lakini kumbukumbu na umakini hazisaidii sana. Na hapo ndipo kazi na masomo hukwama.

Sasa wanasayansi wameanza kuangalia chakula cha ubongo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili. Kawaida unatumia sukari. Ukikaa njaa muda mrefu, ini linageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo unazitumia fiti kabisa. So wanauliza: kama ubongo wa mgonjwa unasumbuka na sukari, mbona usipewe ketoni?

Si wazo la jana. Dishi la keto lilianza kutumika kwa kifafa huko Marekani miaka ya 1920. Mwaka wa 2024, watafiti wa Stanford walitoa matokeo ya watu 21 wenye skizofrenia ama bipola waliokula hivyo miezi 4, wakiendelea na dawa zao. Wengi walipata nafuu. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, na hilo lilikuwa dishi, si chupa.

Chupa inakuja kwa sababu kuacha ugali, chapo na waru miezi minne ni noma hata kwa msee mzima. Ukinywa, ketoni zinapanda kwa damu ndani ya saa moja hivi, kisha baada ya masaa machache zinashuka. Ladha yake, wanaojua wanakunja uso. Kama kweli inaamsha kumbukumbu ya hawa wagonjwa, ushahidi bado ni mchanga sana, hata yule muuzaji wa Instagram aseme nini.

Na kuna hii hawakuambii: nyingine zimejaa chumvi. Kama mtu wako anameza lithiamu, chumvi ikiongezeka ghafla inaweza kushusha kiwango cha dawa mwilini, na bipola irudi. Mwenye presha ama kisukari pia awe chonjo. Kabla afungue hiyo chupa, mwende nayo kliniki, daktari asome imeandikwa nini.