Nyumba Juu ya Udongo Mweusi

Katika mbuga za Usukuma, na kadhalika katika uwanda wa Mwea nchini Kenya, udongo mweusi humpendeza mkulima wa mpunga lakini humsumbua mwashi. Kiangazi kinapokuja ardhi hupasuka nyufa za kuweza kupitisha mkono. Mvua ikinyesha, nyufa hufumba na ardhi huinuka. Nyumba iliyosimama juu yake hupata ufa wa mshazari uanziao kwenye pembe ya dirisha, na milango hukataa kufungika.

Asili ya tabia hiyo ni madini yaitwayo montimorilonaiti. Chembe zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na maji hupenya kati ya tabaka hizo na kuzitenganisha. Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Sentimita za ujazo 10 za udongo mkavu, uliopondwa na kuchekechwa, hutiwa polepole katika silinda ya kupimia yenye maji. Baada ya saa 24 husomwa kipimo cha udongo uliotua. Ukifika 20, umevimba kwa asilimia 100, nao si udongo wa kujengewa ovyo. Mchanga ukijaribiwa vivyo hivyo hubaki karibu palepale.

Hata hivyo, kuvimba peke yake hakuvunji ukuta. Lau nyumba nzima ingeinuka sawasawa, isingepasuka. Lakini udongo wa katikati, uliofunikwa na sakafu, hudumu na unyevu wake, ilhali ule wa kando hulowa na kukauka kila msimu. Pembe za nyumba, ambazo zi wazi pande mbili, ndizo ziumiazo kwanza.

Ajengaye upya, iwapo tabaka la udongo huo si nene, huuondoa wote na kujaza moramu. Nyumba iliyokwisha kujengwa huzungushiwa ukanda wa zege wenye upana usiopungua mita 1, ulioinama kuelekea nje sentimita 5 kwa kila mita. Ukanda huo huzuia jua kama uzuiavyo mvua, jambo ambalo wajenzi wengi hulisahau. Maji ya paa nayo si haba: paa la mita za mraba 80 hupokea lita 2,000 katika mvua ya milimita 25. Yapasa kupelekwa katika tangi, au mbali kwa mtaro uliosakafiwa. Mtaro wa kokoto ubavuni mwa ukuta, ingawa hufaa kwingineko, hapa huwa bakuli la kuunywesha msingi. Mkaratusi nao hupandwa mbali, walau kwa umbali ulio sawa na kimo chake ukikomaa, kwani mizizi yake huweza kukausha pembe moja na kuiacha nyingine.

Nyufa za zamani huzibwa mwisho, unyevu ukiisha kutulia. Zikizibwa mapema, lipu hupasuka tena msimu ufuatao.