Kipande, mate na kabila la babu

Kwetu Lwakhakha, mto umekata Kenya na Uganda lakini haujakata koo. Huko ndiko ulikozuka ubishi ambao umewagawa watu wa nyumba moja.

Binamu yangu aishiye ughaibuni alitema mate kwenye kichupa, akayatuma maabara. Majibu yalipofika, akayatupa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Sisi si Wabukusu. Babu alikuwa Msabaot." Kisa na maana? Sehemu ya vinasaba vyake inafanana na ya jamii zinazozungumza lugha za Kiniloti. Shangazi, ambaye ndiye aliyemuuguza babu hadi mwisho, alimjibu kwa ujumbe wa sauti: "Wewe mtoto, hayo mate ndiyo yamekuambia baba yangu ni nani?" Tangu siku hiyo hawasemezani.

Mimi ni mtu wa lugha, si wa maabara. Hata hivyo, naona ubishi huu kwa kiasi kikubwa ni wa maneno. Tuanze na karatasi.

Babu aliacha kipande chake, kile cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba tangu mwaka 1920 hivi, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Alikipata alipokuwa kibarua katika shamba la mlowezi karibu na Kitale. Penye kabila pameandikwa "Kitosh". Vijana wakauliza: hao nao ni akina nani? Jamani, ni Wabukusu wale wale! Kitosh ni jina walilobandikwa na majirani, serikali ya mkoloni ikalichukua na kulipigia mhuri. Nao watu wa Mlima Elgon, Wasabaot wa leo, waliitwa "El Kony", na wakati mwingine hata "Elgon Masai". Majina mapana tunayoyapigania leo, Waluhya na Wakalenjin, yalishika kasi miaka ya 1930 na 1940. Kuyatafuta kwenye karatasi za kale ni sawa na kumtafuta mtu kwa jina ambalo hajapewa bado.

Hata swali la "alitoka Kenya au Uganda?" lina walakini. Hadi 1902, eneo letu lote lilihesabiwa kuwa la Uganda. Mpaka unaopita mtoni uliwekwa rasmi mwaka 1926. Baba yake babu angeweza kubadilishiwa nchi bila ya kuhamisha hata jiwe la jikoni.

Ushahidi wa pili ni rika. Babu alijitambulisha kuwa Maina. Binamu anasema hilo ni rika la Wakalenjin, na hakosei. Lakini ni la Wabukusu pia! Wabukusu wana marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Upande wa Wakalenjin utasikia Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo na Sawe. Kufanana huku si sadfa. Ni alama ya watu walioishi pamoja, wakaoana, wakapigana, wakaazimana hata mila ya jando. Rika la babu linatudokezea umri wake, basi. Halimtoi upande huu kumpeleka ule.

Tuje sasa kwenye mate. Kromosomu ya Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. DNA ya mitokondria hutoka kwa mama. Binamu ni mtoto wa binti ya babu. Kwa hiyo Y yake ni ya upande wa baba yake, na mitokondria yake ni ya nyanya yetu. Njia zote mbili zimempita babu kando! Kilichobaki ni ule mchanganyiko ambao kila babu na kila nyanya huchangia wastani wa robo. Basi hiyo sehemu ya Kiniloti huenda ilitoka kwa babake binamu, wala si kwa babu yetu.

Isitoshe, maabara hulinganisha mate yako na ya watu wengine ambao tayari wamepewa jina. Mradi mkubwa wa kimataifa wa Jenomu 1000, uliokamilika 2015 ukiwa na watu 2,504 kutoka jamii 26, uliwatumia Waluhya wa Webuye, hapo hapo Bungoma. Nao hao, kama jamii nyingi za Kibantu za magharibi mwa Kenya, wana asili ya Kiniloti ndani yao. Kuwa nayo hakumtoi mtu katika Ubukusu.

Na hapa Kiswahili kimetutangulia. Vinasaba ni nasaba iliyopewa kiambishi cha udogo na wingi: vijinasaba, kama utapenda. Nasaba ni habari ya nani kamzaa nani. Ukoo ni watu wanaokupokea na kukuzika. Kabila ni jina la umati, na majina ya umati hubadilika na siasa. Kipimo cha mate hupima nasaba. Hakuna kipimo cha kabila.

Tofauti hii si mzaha wa wanaisimu. Ghasia zilipotanda Mlima Elgon na Trans Nzoia mwaka 1991 na 1992, swali "wewe ni kabila gani?" liliamua nani angelala kwake na nani angelala porini. Babu aliulizwa na pande zote mbili. Jibu lake lilikuwa moja: "Mimi ni mtu wa hapa." Tulidhani anakwepa. Leo naona alijibu kwa usahihi kuliko kipande chake.

Shangazi anakumbuka majina ya wazee wanne kurudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, pamoja na wake zao na walikotolewa. Hayajaandikwa popote. Nimemwomba binamu ampigie simu, amwombe radhi, kisha achukue kalamu.