Fahamu: Kwa nini mdoli avae kifaa cha usikivu?

Mwaka 2015 Rebecca Atkinson, mwandishi wa habari wa Uingereza ambaye mwenyewe huvaa vifaa vya usikivu, alianzisha kampeni ya ToyLikeMe. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtoto kiziwi hajioni kwenye sanduku la midoli. Mwaka 2022 kampuni ya Mattel ikatoa mdoli wake, Barbie, mwenye vifaa vya usikivu vya rangi ya waridi nyuma ya masikio.

Hayo yanamhusu nini mzazi wa Igoma, Mwanza? Yanamhusu sana. Tangu 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili hupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto. Zamani walipelekwa India. Kifaa hicho cha kupandikizwa kina sehemu ya ndani, iliyo chini ya ngozi, na sehemu ya nje inayonasa sauti. Hiyo ya nje ndiyo kisa: mtoto akiivaa, wenzake huikodolea macho, huishika, huuliza. Mtoto akichoka kuulizwa huivua, na kifaa kilichovuliwa hakisaidii kitu. Mdoli aliyevaa kama yeye huwajibu wenzake bila hotuba.

Wala si lazima Barbie. Watoto wetu hufinyanga watu kwa udongo na kushona wanasesere wa vitambaa. Kipande cha kitambaa nyuma ya sikio kinatosha. Ila usitumie betri ndogo halisi ya kifaa: mtoto akiimeza huunguza koo.

Na ukiona mwanao hageuki unapomwita, au sikio linatoa usaha, usisubiri akue. Mpeleke hospitali.