JE, WAJUA? Gesi ndiyo iliyochimba mashimo ya Kikorongo

Ziwa Kikorongo, wilayani Kasese nchini Uganda, karibu na mstari wa Ikweta, limekaa ndani ya shimo la volkeno. Ni moja kati ya mashimo mengi ya eneo la Katwe-Kikorongo, yaliyofumuliwa na milipuko ya magma yenye kaboni dayoksaidi nyingi. Majivu na vipande vya miamba vilivyorushwa na gesi vilianguka na kujenga kingo tunazoziona leo.

• Gesi inayofoka kwa kasi haipandi peke yake. Pembezoni mwake huzuka mizunguko ya msukosuko inayovuta hewa na kuichanganya ndani.

• Mwaka 1956, wanasayansi Morton, Taylor na Turner walieleza kwamba hewa inayovutwa hulingana na kasi ya mkondo huo wa gesi. Wataalamu wa volkeno hutumia kanuni hiyo hadi leo.

• Mwaka 1961, watafiti Ricou na Spalding walipima mikondo hiyo maabarani. Hewa ikifoka ndani ya hewa, kwenye umbali wa mara 30 ya upana wa tundu mkondo huwa umebeba takriban mara 10 ya uzito uliotoka.

• Juu ya volkeno, hewa iliyovutwa hupata joto na kutanuka, wingu la gesi na majivu likawa jepesi na kupaa. Hewa ikiwa haba, wingu huporomoka na majivu ya moto hutambaa ardhini yakiunguza kila kitu.

• Jiko la gesi nalo huvuta hewa hivyo hivyo kupitia matundu ya pembeni. Yakiziba, mwali huwa wa njano na sufuria hujaa masizi. Safisha matundu hayo!