Hadithi Inaanzia Wapi? Kuandaa mwanzo wa mchezo wa masimulizi kwa vijana

Katika kambi za wakimbizi wa ndani, vijana wana saa nyingi na kazi chache. Jioni wanakaa pamoja na kusimuliana, na mara nyingi yanayosimuliwa ni yale yale: nani aliuawa, nani alichoma nyumba, nani alianza. Makala hii inaeleza mchezo mmoja unaoweza kuwapa hadithi nyingine ya kubeba kwa pamoja, na hasa namna ya kuandaa mwanzo wake. Tunawaandikia familia zilizokimbilia Iga Barrière, familia zilizozipokea, machifu, viongozi wa dini na wanakamati wa kambi.

Iga Barrière iko kaskazini mwa Bunia, katika teritwari ya Djugu, kwenye barabara ya taifa namba 27. Ni senta ya biashara, na hapo hukutana wakulima, wafugaji, wachimba dhahabu, wachuuzi na waendesha pikipiki. Ituri ilipita katika vita vya 1999 hadi 2003, kisha mashambulizi yakaanza upya katika Djugu mwezi wa Desemba 2017. Watoto wengi waliozaliwa mwaka huo wamekua wakihamahama. Kwa hiyo mchezo wowote tunaowapa ni lazima uandaliwe kwa uangalifu.

Mchezo huu ni nini?

Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu wachache wanakaa kuzunguka meza. Mmoja anaongoza hadithi ya nchi ya kubuniwa yenye majitu, majoka na uchawi. Kila mwingine anajichukulia mhusika mmoja na kusema mhusika huyo anafanya nini. Hakuna anayejua mwisho, kwa sababu wanaitunga hadithi pamoja.

Jambo hili si geni kwetu. Pwani ya Afrika Mashariki msimulizi husema "Paukwa!" na wasikilizaji hujibu "Pakawa!", na wazee wetu wametufundisha kwa ngano za sungura, fisi na mazimwi. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji anaingia ndani ya hadithi na kuamua.

Vifaa havihitaji fedha. Watosha wachezaji 4 hadi 6, mwongozaji mmoja, mkeka, na vizibo vya chupa. Mhusika akijaribu jambo gumu, mchezaji anatupa vizibo 3. Viwili au zaidi vikianguka chali, amefaulu. Mwenye ujuzi unaohusika, kwa mfano mganga anayetibu au mvuvi anayevuka mto, anatupa vizibo 4.

Kwa nini mwanzo ni muhimu?

Maneno ya kwanza ya mwongozaji yanawaambia wachezaji wao ni nani na adui ni nani. Fikirieni mwanzo huu: "Usiku kijiji chenu kimeshambuliwa. Watu wa mlima wa pili wamechukua ng'ombe. Mtafanya nini?" Jibu limekwisha kuwekwa ndani ya swali: tutalipiza kisasi. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatacheza, atakumbuka. Na mzazi anayepita na kusikia vijana wakipanga shambulio anaweza kupeleka uvumi kambi nzima.

Sasa sikilizeni mwanzo mwingine: "Asubuhi ya leo maji ya chemchemi yamegeuka kuwa meusi. Vijiji viwili vinakunywa hapo. Ninyi mmetumwa kupanda juu mpaka chanzo chake, na mitungi itakauka kesho jioni." Hapa pia kuna hofu na haraka. Lakini njia ni nyingi, na vijiji vyote viwili vina kiu moja.

Nguvu ya nchi ya kubuniwa inajulikana katika eneo letu. Tangu 2004, nchini Rwanda, mchezo wa redio Musekeweya umesimulia habari za vijiji viwili vya kubuniwa, Bumanzi na Muhumuro, vilivyogombana. Makabila ya Rwanda hayatajwi, ila kila msikilizaji anaelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mchezo huo haukubadilisha sana imani za ndani za wasikilizaji, lakini ulibadilisha mambo waliyoyaona kuwa ni desturi ya jamii, na jinsi walivyotenda.

Kanuni tano za mwanzo mzuri

1. Anzia kwenye jambo la leo, si kwenye "nani alianza". Daraja limebomoka, mbegu zimepotea, ngoma imenyamaza. Hadithi ya nani alianza haina mwisho, na kila familia ina yake.

2. Tatizo liwe la wote. Kama upande mmoja tu ndio unaoumia, upande wa pili utakuwa adui hata kama hukutaka.

3. Gawanya ufumbuzi. Kila mhusika awe na kipande kimoja tu: huyu anajua njia, yule anajua lugha, mwingine ana kamba. Bila wote, kazi haifanyiki. Kanuni hii ndiyo inayomfanya kijana aliyekaa kimya aulizwe maoni yake.

4. Weka muda. "Kabla ya jua kuzama", "kabla ya siku ya soko". Hadithi isiyo na haraka inageuka kuwa mazungumzo, na watoto wanaondoka.

5. Usibuni taifa la viumbe waliozaliwa wabaya. Jitu moja linaweza kuwa na hasira, nalo liwe na sababu yake. Lakini ukisema "majitu yote ni wauaji", unawafundisha watoto somo tunalolijua tayari, na tunajua linaishia wapi. Hata Dungeons & Dragons ilikuwa na jamii nzima za viumbe zilizoelezwa kuwa mbaya kwa asili, na mwaka 2020 wachapishaji wake walitangaza kwamba wanabadilisha maelezo hayo.

Zaidi ya hayo, msitumie majina ya vijiji, koo au makabila ya Ituri. Epukeni pia mwanzo unaohusu ng'ombe walioibiwa, mipaka ya mashamba au shimo la dhahabu, kwa sababu mambo hayo yako karibu mno na majeraha ya watu.

Mianzo mitatu ya kusoma kwa sauti

Daraja. "Kesho ni siku ya soko. Usiku mvua imechukua daraja la pekee. Ng'ambo ya mto kuna mkunga, na upande huu kuna mama aliyeshikwa na uchungu. Chini ya maji limelala jitu la mawe linaloweza kuinua magogo. Halisikii mpaka liitwe kwa lugha tatu, na kila mmoja wenu anajua moja tu. Maji yanapanda." Ndani ya mwanzo huu hakuna adui. Mwongozaji awaache wachezaji wenyewe wagundue kwamba ni lazima waite pamoja.

Ngoma. "Ngoma kubwa inayoita mikutano ya mabonde yote imeacha kulia. Ngozi yake ni nzima. Mzee anayeitunza anasema: inangoja neno la kweli ambalo hakuna aliyethubutu kulisema. Baraza ni baada ya siku 3." Huu unafaa vijana wakubwa. Neno hilo liwe la nchi ya kubuniwa. Asilazimishwe mtu kusema siri ya maisha yake.

Mtoto mgeni. "Mtoto amefika langoni, hajui kwao ni wapi. Ndege mkubwa anamfuata, na popote kivuli chake kinapopita, majani yanakauka. Wengine wanasema mtoto afukuzwe. Kabla ya jua kuzama baraza litaamua, nanyi mmeitwa kushauri." Mwanzo huu unagusa maisha ya waliohama na ya waliowapokea. Uchezwe na kundi lenye watoto wa pande zote mbili, na baada ya kundi hilo kuzoeana.

Kabla ya kucheza

- Mwelezeni chifu, kamati ya kambi na wazazi mchezo ni nini. Waalikeni waje kutazama mara ya kwanza.
- Chezeni mchana, mahali pa wazi. Msitumie fimbo kama bunduki.
- Wekeni neno la kusimamisha, kwa mfano "Pumzika". Yeyote akilitamka, hadithi inasimama na haulizwi sababu.
- Mtoto akilia au akinyamaza ghafla, mtu mzima anayemwamini amtoe kando na kukaa naye. Mchezo huu si tiba. Mtoto anayeteseka kwa ndoto mbaya au hofu ya muda mrefu apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Baada ya kucheza

Wengi wetu tunadhani kwamba mazungumzo ya baadaye daima huleta amani. Tuwe na hadhari. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Kongo na kuchapishwa mwaka 2010 ulilinganisha wasikilizaji wa mchezo wa redio peke yake na wale waliosikiliza pia kipindi cha kuwahimiza wajadiliane. Wale wa kundi la pili walijadiliana zaidi, lakini walitaja zaidi malalamiko yao, wakawa na uvumilivu mdogo kwa watu wasiowapenda, na hawakuwa tayari sana kuwasaidia.

Kwa hiyo msimalize kwa kuuliza "Haya yanafanana na nani hapa kwetu?" Ulizeni habari za wahusika: Ni wakati gani mlihitaji msaada wa mwenzenu? Ni njia gani nyingine mngeweza kuijaribu? Ni nani ambaye hatukumsikiliza? Kijana akitaka mwenyewe kulinganisha na maisha yake, asikilizwe kwa heshima, bila mabishano juu ya nani mwenye kosa.

Maswali ya kujadili katika vikundi

- Watoto wa kambi yetu wanasimuliana hadithi gani jioni? Nani aliwafundisha?
- Ni ngano gani za wazee wetu zinazoanza na tatizo la wote? Tunaweza kuzigeuza kuwa mchezo?
- Nani katika kambi, na nani katika familia wenyeji, wanaweza kuongoza hadithi wawili wawili?
- Tungeni mwanzo mmoja kwa kufuata kanuni tano. Kisha msomeeni mtu wa jamii nyingine mnayemwamini, na mwulizeni: "Umejiona upande gani?" Akijibu kwamba amejiona adui, tungeni upya.