Mekwanint

Mekwanint (umoja: mekonnen) ni neno la Kiamhari lililotumika katika Milki ya Ethiopia kwa makabaila waliopata vyeo vyao kwa kuteuliwa, si kwa kuzaliwa. Walitofautishwa na mesafint (umoja: mesfin), yaani watu wa koo za kifalme na za watawala wa zamani wa majimbo. Vyeo kama ras, dejazmach na fitawrari vilikuwa vya mtu mwenyewe: mwenye cheo alipokufa au kuondolewa, cheo hakikupita kwa mwanawe. Utaratibu huo ulidumu, pamoja na mabadiliko mengi, hadi mapinduzi ya mwaka 1974.

Jina

Asili ya neno ni lugha ya kale ya Kige'ez, katika kitenzi chenye maana ya kutawala na kuhukumu. Mekonnen ni mtu mwenye mamlaka, ofisa au hakimu. Mekonnen na Mesfin yote mawili ni majina ya kawaida ya wanaume nchini Ethiopia hadi leo, jambo linalomchanganya msomaji wa historia. Katika jina la Ras Makonnen, baba yake Haile Selassie, cheo ni "Ras" tu. "Makonnen" ni jina lake la kuzaliwa.

Mesafint nao walipewa vyeo vilevile. Mjukuu wa mfalme hakuwa ras mpaka ateuliwe kuwa ras. Tofauti ni kwamba mesfin alibaki mtu wa ukoo mkubwa hata bila cheo, lakini mekonnen aliyevuliwa cheo hakuwa na kitu cha kumrudishia heshima yake.

Vyeo vya vitani

Vyeo vingi vya mekwanint vilitoka jeshini, na maana zake zinaonyesha mpangilio wa jeshi likiwa safarini. Fitawrari ni kamanda wa mbele, anayetangulia. Kenyazmach ni kamanda wa upande wa kulia, na grazmach wa kushoto. Dejazmach ni kamanda wa mlango, na kwa kawaida huelezwa kuwa ni mlango wa hema la mtawala. Balambaras alikuwa mkuu wa amba, yaani mlima wenye kilele bapa na kuta za mawe zinazoteremka wima, ambao ulitumiwa kama ngome.

Juu ya hao wote alikuwa ras. Maana yake ni "kichwa", na neno hili ni ndugu wa ra's la Kiarabu, ambalo Kiswahili kimelipokea katika "rasi" ya baharini na katika "rasilimali". Juu ya ras alikuwepo negus, yaani mfalme, na juu kabisa Kaisari mwenyewe, negusa negast, "mfalme wa wafalme".

Mpangilio huu usichukuliwe kama ngazi ya mamlaka halisi. Habte Giyorgis Dinagde alikuwa waziri wa vita kuanzia mwaka 1907 hadi alipofariki mwaka 1926, na kwa miaka mingi hakuna jambo kubwa la dola lililoamuliwa bila yeye. Hata hivyo cheo chake kilibaki fitawrari, chini ya ras na dejazmach wengi waliomwogopa.

Mtoto wa ras

Mwana wa kabaila aliitwa lij, maana yake "mtoto" tu. Heshima hiyo ilimtambulisha kuwa ametoka katika nyumba kubwa, lakini haikumpa jimbo, askari wala mapato. Alipelekwa kukulia katika nyumba ya kifalme au ya kabaila mwingine, akatumika huko na kusubiri uteuzi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Tafari Makonnen, aliyezaliwa mwaka 1892. Baba yake, Ras Makonnen, alikuwa gavana wa Harar na mmoja wa watu wa karibu kabisa na Kaisari Menelik II. Tafari alipewa cheo cha dejazmach akiwa na umri wa miaka 13 hivi, baba yake akiwa bado hai. Ras Makonnen alipofariki mwaka 1906, Harar haikwenda kwa Tafari. Menelik alimpa Yilma, kaka yake Tafari wa mama mwingine, na Yilma alipofariki mwaka uliofuata jimbo likapewa Dejazmach Balcha Safo, asiye wa ukoo huo kabisa. Tafari aliteuliwa gavana wa Harar miaka kadhaa baadaye, baada ya kupewa madaraka mengine kwanza. Akawa ras mwaka 1916, negus mwaka 1928, na Kaisari Haile Selassie mwaka 1930. Kila hatua ilihitaji tendo jipya la uteuzi au kutawazwa.

Waliopanda kutoka chini

Kwa kuwa cheo hakikufungwa katika damu, mlango ulikuwa wazi kidogo kwa watu wasio na ukoo. Alula Engida alikuwa mtoto wa mkulima wa Tembien katika Tigray. Alipanda katika utumishi wa Yohannes IV mpaka akawa ras na mlinzi wa mpaka wa kaskazini, na mnamo Januari 1887 alikiangamiza kikosi cha Waitalia chenye askari 500 hivi huko Dogali. Makabaila wa Tigray waliojivunia nasaba hawakumsahaulia asili yake. Yohannes alipokufa vitani mwaka 1889, Alula alipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa sababu zilitegemea mtu mmoja aliyemteua.

Balcha Safo alipanda kutoka chini zaidi. Alichukuliwa akiwa mtoto, baada ya kuhasiwa vitani, akalelewa katika nyumba ya Menelik. Alijipatia sifa katika vita vya Adwa mwaka 1896 na baadaye akatawala majimbo, yakiwemo Harar na Sidamo. Mwaka 1928 alimpinga Tafari, akafika Addis Ababa na jeshi kubwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa karamuni jumba la mtawala, askari wake kambini walilipwa fedha na kuambiwa waende zao, na Sidamo ikapewa mtu mwingine. Hakuna risasi iliyopigwa. Askari walimfuata gavana. Alipoacha kuwa gavana, walitawanyika. Balcha alikufa mwaka 1936 akipigana na Waitalia.

Cheo na ardhi

Bila kuielewa ardhi ni vigumu kuelewa kwa nini vyeo havikurithiwa. Katika nyanda za juu za kaskazini zilikuwepo haki mbili juu ya shamba moja. Rist ilikuwa haki ya ukoo: kila mzao wa babu aliyefungua ardhi, kwa upande wa baba au wa mama, aliweza kudai fungu la kulima. Haki hiyo ilirithiwa na wakulima wa kawaida. Gult ilikuwa haki ya kukusanya sehemu ya mavuno, kudai kazi za mikono na kusikiliza kesi za wakazi. Kaisari aliigawa gult kwa mekwanint badala ya mshahara (Kanisa nalo lilikuwa na gult yake), na kwa kanuni aliweza kuichukua tena.

Hivyo mkulima alikuwa na kitu cha kuwaachia watoto wake, wakati bwana aliyemtoza mazao alikuwa nacho kwa muda tu. Ndiyo maana kumwita ras "duke" na dejazmach "count", kama walivyofanya waandishi wengi wa Ulaya, kunapotosha. Duke wa Uingereza alikuwa na cheo kilichopita kwa mwanawe mkubwa pamoja na mashamba na jumba. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni akida wa wakati wa Wajerumani, aliyewekwa na serikali na kuondolewa na serikali, ingawa akida hakuwa na jeshi wala fahari ya ras.

Kanuni na desturi

Desturi haikuwa kali kama kanuni. Watoto wa wakubwa walikuwa na farasi, bunduki, wafuasi wa baba zao na nafasi ya kuonekana mbele ya mtawala, basi uteuzi uliwaangukia wao mara nyingi kuliko watoto wa wakulima. Ndoa ziliunganisha nyumba kubwa. Mtawala aliyekuwa dhaifu alilazimika kumthibitisha mtoto mahali pa baba. Katika Zama za Mesafint, takriban 1769 hadi 1855, makaisari walikuwa vivuli tu na wakuu wa majimbo walifanya walivyotaka. Pia vyeo vichache vilirithiwa waziwazi. Kinachojulikana zaidi ni wagshum, mtawala wa Wag, ambaye ukoo wake ulidai kutokana na wafalme wa Zagwe.

Mwisho wa vyeo na matumizi ya leo

Haile Selassie aliondolewa madarakani tarehe 12 Septemba 1974. Mnamo Novemba mwaka huo serikali ya kijeshi ya Derg iliwaua maofisa wa utawala wa zamani wapatao 60, miongoni mwao Ras Asrate Kassa. Mnamo Machi 1975 ardhi yote ya vijijini ilitaifishwa, na mwezi huohuo ufalme ulifutwa pamoja na vyeo vyake.

Ras limebaki nje ya Ethiopia kuliko ndani. Wafuasi wa imani iliyoanzia Jamaika katika miaka ya 1930 walijiita Rastafari kwa cheo na jina alilokuwa nalo Haile Selassie kabla ya kuwa mfalme, na wengi wao hutanguliza "Ras" mbele ya majina yao bila kuteuliwa na yeyote. Nchini Ethiopia kwenyewe, woizero, ambalo zamani lilikuwa jina la heshima kwa mabibi wa nyumba kubwa, sasa ni "Bibi" wa kawaida kwa mwanamke yeyote aliyeolewa.